Mpinzani wa ubingwa si wa kuzibia pengo: barua ya wazi kutoka mwisho wa reli

Kwa wasimamizi wa ngumi za kulipwa nchini, kwa mapromota na mameneja, na kwa kila anayetia saini kuruhusu pambano la ubingwa,

Nawasalimu kutoka Ujiji, Kigoma.

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa mbili usiku, simu yangu iliita nikiwa nakunja bandeji. Aliyepiga ni promota ambaye sitamtaja, maana barua hii si ya mtu mmoja. Aliniuliza kama nina kijana wa kilo 61. Nikamwambia ninaye. Akasema mpinzani wa bingwa amejitoa, mkanda upo, raundi 10, siku zimebaki tisa, nimtumie picha na jina kamili usiku huohuo ili mabango yachapwe upya. Nikaomba siku mbili nifikiri. Akanijibu kwa swali ambalo mpaka sasa halijanitoka kichwani: "Mwalimu, niambie tu, anaweza kufika raundi ya sita?"

Nikamwambia kijana haendi, nikakata simu.

Asubuhi kijana mwenyewe aliposikia, alivua glovu, akaziweka juu ya jiwe tunalokalia, akaondoka bila kuaga. Ana miaka 24. Anaamini nimemnyima mkanda. Jioni mama yake alikuja nyumbani kwangu, akasimama mlangoni, akakataa kiti. "Mwalimu, wenzake wanapanda ulingo wa Dar, wanaonekana kwenye runinga. Wewe mwanangu unamzuia, una nini naye?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Jibu refu ndilo hili, na sehemu kubwa ya jibu hilo iko mikononi mwenu.

Mimi ni mtu wa kona, yule anayemhudumia bondia kati ya raundi. Nimefundisha ngumi hapa Ujiji kwa miaka mingi, chini ya mwembe, na gunia letu ni viroba vitatu vilivyoshonwa pamoja na kujazwa matambara na mchanga wa ziwani. Vijana wangu wengi ni wabeba mizigo wa Kibirizi. Usiku wanashusha madumu ya mawese na magunia ya dagaa kutoka kwenye maboti, alfajiri wanakimbia kupanda mlima kuelekea Mwanga, jioni wako kwangu. Wana nguvu, wana pumzi, na hawaogopi. Ndiyo maana simu zenu hutufikia. Bingwa anapokosa mtu, mikoani hakukosi kijana mwenye moyo.

Nimewahi kuipokea simu kama ile na kusema ndiyo. Nitaeleza kilichotokea, kwa sababu kila ninachokiomba humu kimetoka kwenye safari ile.

Ilikuwa Jumanne. Kijana wangu wa wakati huo, ambaye nilimlea tangu ana miaka 15, alikuwa na kilo 63 na nusu. Pambano lilikuwa Jumamosi, kupima uzito Ijumaa, na mkanda ulikuwa wa kilo 59. Yaani kilo nne na nusu ndani ya siku tatu, na siku mbili kati ya hizo ni za barabarani. Nauli tuliyotumiwa ilikuwa ya basi, ya watu wawili.

Tuliondoka Jumatano alfajiri. Alivaa jaketi mbili, na ndani yake nailoni ya kufungia mizigo. Nilimpa bazoka atafune bila kumeza mate, akayatema kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Tulipovuka daraja la Malagarasi chupa ilikuwa imefika katikati. Tabora akinamama walikuja madirishani na mayai ya kuchemsha na karanga, akageuza uso upande wa pili. Manyoni abiria wote walishuka kula, yeye akabaki peke yake kwenye kiti, ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Usiku alianza kutetemeka. Nilimgusa shingoni, ni moto. Nilijua ni malaria, maana wiki ile nzima alikuwa akilalamika viungo. Nilijua, na nilinyamaza. Nilijiambia tukifika tutamwona daktari.

Ijumaa alipanda kwenye mizani na kusoma 58.9. Watu wakapiga makofi. Midomo ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na mkojo wake wa asubuhi ulikuwa mweusi kama chai iliyokolea. Daktari aliyekuwepo alimpima presha, akamwangalia macho, akaandika. Yote ilichukua muda mfupi kuliko ninaoutumia mimi kufunga bandeji mkono mmoja.

Raundi tatu za kwanza alipigana vizuri sana. Hata sapota wa bingwa walinyamaza. Raundi ya tano miguu ikaanza kuburuza. Raundi ya saba aliangushwa na konde ambalo siku zote huwa analikwepa huku anacheka. Refa akahesabu hadi nane, kijana akasimama. Akaniangalia. Waheshimiwa, nimemjua kijana yule tangu hajaota ndevu, na macho yale hayakunijua. Nikarusha taulo, pambano lisimamishwe.

Watu walinizomea. Katika mambo yote niliyoyafanya safari ile, taulo ndilo pekee nisilolijutia.

Leo ameacha ngumi. Anauza samaki, migebuka, sokoni. Ni mtu mzuri, ana mke na mtoto, anachekesha watu kama zamani. Lakini jua kali likimpiga hulazimika kukaa kivulini na kushika kichwa, na wateja wake wa kila siku wamezoea kumrudishia hela, kwa sababu mara nyingine humpa mtu chenji mara mbili.

Hilo lilitendeka kwa saini. Promota alisaini, meneja alisaini, msimamizi alisaini, daktari alisaini, nami nilisaini. Kila mmoja alikuwa na kalamu ya kusema hapana.

Najua mtaniambia bingwa naye hupanda ulingo uleule, naye hupigwa. Ni kweli. Lakini bingwa alijua tarehe yake miezi miwili kabla. Alikuwa na kambi, alikuwa na watu wa kufanya nao sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, alishusha uzito taratibu, kilo moja kwa wiki, huku anakula. Mpinzani aliyeitwa siku nne kabla hashuki uzito, anakauka. Anachopoteza si mafuta, ni maji. Na madaktari wa mchezo huu wamekuwa wakituonya kwa miaka mingi kwamba kichwa cha mtu aliyekauka si kichwa cha kupigwa.

Naomba wale msiowahi kukaa kona mnielewe hapa. Ubongo umeelea kwenye maji ndani ya fuvu. Kuna mishipa midogo ya damu inayopita kati ya ubongo na utando unaoufunika. Konde likikizungusha kichwa ghafla, mishipa hiyo inaweza kukatika, damu ikaanza kuvuja na kuubana ubongo. Huenda usione kitu papo hapo. Bondia anaweza kushuka ulingoni kwa miguu yake, akaongea, akaomba maji, halafu baadaye akasema kichwa kinamuuma, akatapika, akalala asiamke ukimwita. Akifika hapo kinachohitajika ni kupigwa picha ya ubongo na daktari bingwa wa kufungua fuvu, kwa haraka. Kila saa inayopita inampunguzia nafasi ya kupona. Mwishoni mwa mwaka 2024 nchi hii ilimpoteza bondia kijana baada ya kuangushwa ulingoni Dar es Salaam. Simtaji ili kumnyooshea mtu kidole. Namtaja kwa sababu nilipoisikia habari ile, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni yule muuza migebuka.

Ulimwengu wa ngumi ulishajifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 13 Novemba 1982, huko Las Vegas, bingwa Ray Mancini alitetea mkanda wake wa WBA, moja ya mashirika ya ngumi ya dunia, dhidi ya mpinzani kutoka Korea Kusini, Duk Koo Kim. Kim alihangaika kushusha uzito siku za mwisho kabla ya pambano. Wakati huo mapambano ya ubingwa yalikuwa raundi 15. Alisimamishwa raundi ya 14, akaanguka, akapelekwa hospitali, akafariki siku chache baadaye. Ni kwa sababu ya kifo kile shirika jingine la dunia, WBC, walipunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12, na wengine wakafuata, na vipimo vya afya kabla ya pambano vikaongezwa. Raundi 12 tunazohesabu leo zina damu ya mpinzani ndani yake. Hakufa bingwa.

Tena hao WBC wana utaratibu ambao ungemrudisha kijana wangu nyumbani salama. Bondia wa pambano la ubingwa hupimwa uzito siku 30 kabla, asizidi asilimia 10 ya uzito wa mkanda. Na siku saba kabla, asizidi asilimia tano. Chukueni kalamu mkokotoe. Mkanda wa kilo 59, asilimia tano yake haifiki kilo tatu, kwa hiyo siku saba kabla anatakiwa awe chini ya kilo 62. Kijana wangu siku nne kabla alikuwa na kilo 63 na nusu. Mizani peke yake ingetosha kusema hapana, bila mtu yeyote kugombana na mtu. Mizani ipo kila zahanati. Afisa michezo wa mkoa yupo. Apimwe mbele yake, karatasi isainiwe, ipigwe picha kwa simu na kutumwa. Haihitaji bajeti ya wizara.

Sasa niwakumbushe pambano moja ambalo sisi watu wa Kigoma hulihesabu kama la jirani, maana lilifanyika nchi ileile tunayoiona milima yake ng'ambo ya ziwa jua linapotua.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi hapa Ujiji. Alipenda kusimulia asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 1974. Kinshasa ilikuwa saa kumi za usiku George Foreman na Muhammad Ali walipopanda ulingoni, muda uliochaguliwa ili watu wa Marekani waangalie jioni yao. Kwetu kulikuwa kunapambazuka. Baba alisema habari za matokeo ziliposikika redioni, mafundi waliweka misumeno chini, kazi ikasimama. Ali, mpinzani, mwenye miaka 32, alimwangusha bingwa wa miaka 25 ambaye hakuwahi kushindwa, raundi ya nane.

Kila mtu anakumbuka raundi ya nane. Mimi naomba mkumbuke kilichotangulia. Pambano lile lilipangwa kufanyika tarehe 25 Septemba. Siku chache kabla, Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa kwenye sparingi. Basi wakaahirisha. Serikali ilikuwa imemwaga fedha, wageni walikuwa wamefika, waandishi wa dunia nzima walikuwa hotelini, na bado watu wakasubiri wiki tano hadi jicho la bingwa lipone. Mabondia wote wawili walibaki Zaire, Kongo ya leo, wakizoea joto lilelile. Na malipo yalikuwa sawa, dola milioni tano bingwa, dola milioni tano mpinzani.

Dunia nzima ilisubiri jeraha la bingwa wiki tano. Malaria ya kijana wangu, aliyekuwa mpinzani, haikusubiriwa hata siku moja. Hakuna aliyeiulizia. Na mimi niliyeijua niliogopa kusema, kwa sababu nilijua jibu litakuwa "basi tunamtafuta mwingine".

Nimeshasikia pia jibu la Andy Ruiz. Mapromota wengi wanalipenda. Kwamba mwaka 2019 mpinzani wa Anthony Joshua alienguliwa, Ruiz akaitwa zikiwa zimebaki wiki chache, akaenda New York akamwangusha bingwa mara nne na kuondoka na mikanda yake yote. Ni kweli tupu, na mimi nilipiga kelele usiku ule mpaka majirani wakaamka. Lakini hesabuni vizuri. Ruiz alikuwa amepigana tarehe 20 Aprili, na pambano la Joshua lilikuwa tarehe 1 Juni. Alitoka kambini akarudi kambini. Tena wale ni wazito wa juu, hakuna mizani ya kukauka kwa ajili yake. Alipewa wiki, sisi tunapewa siku. Mkinipa nafasi aliyopewa Ruiz, barua hii naichana.

Wala msidhani naomba vijana wetu walindwe kama mayai. Wanaweza. Hassan Mwakinyo ni mtoto wa Tanga, mkoani kama sisi. Tarehe 8 Septemba 2018 alikwenda Birmingham, nyumbani kwa Sam Eggington, wenyeji wakiwa wamejaa ukumbini, akammaliza raundi ya pili. Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wamerudi na shaba za Jumuiya ya Madola mwaka 2022. Michael Yombayomba alileta dhahabu ya michezo hiyohiyo kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Mtanzania akiandaliwa hupiga mtu yeyote. Kinachoniuma ni kwamba tunawasifu hao, kisha tunamchukua mwenzao wa Kibirizi juu ya boti la dagaa na kumpandisha ulingoni akiwa na homa, ili bingwa apate ushindi mmoja zaidi kwenye rekodi.

Na bingwa mwenyewe anapata nini? Nimewaona mabingwa wetu wenye rekodi ndefu, kumi bila kushindwa, kumi na tano bila kushindwa, wakitoka nje ya nchi wanakutana na mtu aliyeandaliwa kama wao na kushangaa raundi ya nne. Hawajawahi kusukumwa. Wapinzani wao waliletwa kwa basi. Mpinzani aliyekuja na nguvu zake zote ndiye anayemfundisha bingwa, na pambano kama hilo ndilo mtazamaji alilolilipia tiketi.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Anayegombea mkanda awe amesaini mkataba angalau wiki nane kabla. Mpinzani wa kwanza akijitoa zikiwa zimebaki chini ya wiki tatu, pambano liendelee mkitaka, lakini liwe la raundi sita au nane, bila mkanda, na uzito wa makubaliano ambao aliyeitwa ghafla anaweza kuufikia akiwa amekula. Mabango mnaweza kuchapa upya, maana mlikuwa tayari kuyachapa upya kwa jina la kijana wangu usiku uleule. Watazamaji watalalamika siku moja. Mkanda utakuwepo mwezi ujao.

Mizani ya siku 30 na ya siku saba nimeshaieleza, na naisisitiza kuliko zote.

Anayetoka mbali afike siku nne kabla. Kigoma kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha basi usiku kucha miguu imevimba, na ngumi huanzia miguuni. Nauli iwe ya watu watatu, bondia na watu wawili wa kona, maana mtu mmoja hawezi kushika barafu, kufuta damu, kumpa maji na kumwangalia macho ndani ya dakika moja ya mapumziko. Nimejaribu. Haiwezekani.

Daktari awe na mamlaka na muda. Apime joto la mwili, apime malaria, achukue mkojo auangalie rangi. Vipimo hivi ni vya bei ya soda. Na aandike mwenyewe "haruhusiwi" bila kuogopa kwamba pambano lijalo hataitwa. Nafahamu hofu hiyo, sikuwa mbali nayo mimi mwenyewe. Kwa hiyo malipo yake yasitoke mfukoni kwa promota wa usiku huo, yapitie kwenu wasimamizi.

Kuhusu majaji sitasema mengi. Sisi wa mikoani tunajua kwamba sare humwacha bingwa na mkanda wake, ndiyo sheria, na tunaikubali. Tunajua pia kwamba raundi iliyokaribiana mara nyingi huenda kwa aliyeshangiliwa zaidi. Tutaishi na hilo. Kijana akipoteza pointi anarudi na akili yake nyumbani.

Fedha ndiyo nitakaa nayo kidogo, kwa sababu huko ndiko kijana ananilaumu kwa haki. Kijana wa Kibirizi akiacha kushusha mizigo ili akae kambini wiki nane, nani atalisha nyumba? Mama yake ananiuliza hivyo, na ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana hata nikipewa wiki nane, nusu ya muda huo atakuwa na gunia mgongoni. Bingwa ana mdhamini. Mpinzani ana deni dukani. Basi sehemu ya malipo yake itolewe siku ya kusaini, hata robo tu, iingie kwenye simu yake, si ya meneja wala yangu. Iliyobaki iwekwe mahali mnapopajua ninyi wasimamizi kabla kengele haijagongwa. Safari ile niliyowaeleza, sehemu ya fedha tuliyoahidiwa mpaka leo haijafika, na mwenye kuahidi habadilishi hata namba ya simu, anaiacha iite tu. Nimeacha kumpigia. Lakini siku tuliyorudi, mke wa kijana alikuja kumpokea stendi akiwa na mtoto mgongoni, akatazama mikono yetu kama tumebeba kitu.

Na siku mkiamua kuleta pambano la ubingwa hapa kwetu, karibuni sana. Uwanja wa Lake Tanganyika utajaa, watu watatoka Kasulu, Uvinza, Kibondo, na ng'ambo ya ziwa pia. Nimeota usiku huo kwa miaka. Lakini kabla ya kupanga taa na wanamuziki, nendeni kwanza kwa mganga mkuu wa mkoa, mkubaliane. Gari la wagonjwa lisimame mlangoni injini ikiwa tayari, lisiitwe kumpeleka mtu mwingine. Daktari wa usingizi awe zamu. Ijulikane mapema, kwa maandishi, bondia akizimia saa nne usiku atapelekwa wapi kupasuliwa kichwa, kwa usafiri gani, na nani analipa. Kama majibu hayo hayapo, msituletee mkanda. Tutaendelea kuangalia kwenye runinga.

Nimeandika haya nikiwa na glovu zake mbele yangu, zile alizoziacha juu ya jiwe. Nilikuwa nimezikausha juani nikazipaka mafuta.

Leo alfajiri amerudi. Aliniamkia akiwa anaangalia chini, "Shikamoo Mwalimu," akaanza kuruka kamba bila kusema neno jingine. Sikumsemesha. Alipomaliza nikamtolea mizani, akapanda. Kilo 65 na gramu 200. Nimeandika kwenye daftari, tarehe na saa, na nimemwambia asaini mwenyewe chini ya namba ile. Amesaini.

Mwenye mkanda wa kilo 61 akihitaji mpinzani, jina lipo Ujiji. Tunaomba wiki nane.

Mwalimu wa ngumi,
Ujiji, Kigoma